Baki Yako Ni Ngapi? Kupiga Hesabu ya Mali Ukishatoa Madeni

Ami yangu alizikwa Kikowani, Mombasa, mwaka 2015, siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, Majengo, lakini wanaume waliporudi walituambia mwanawe mkubwa alisimama makaburini akasema yale yasemwayo kila maziko: kama kuna mtu anamdai marehemu, aje nyumbani, na mwenye kusamehe, Mungu atamlipa. Ijumaa asubuhi, hata chai haijachemka, watu wanne walikuwa wameketi barazani. Kufikia Jumapili wamekuwa saba. Mmoja alikuja na karatasi, mwingine na ujumbe wa simu, mwingine na mashahidi wawili waliokuwa wakila mahamri kimya kimya wakingoja zamu yao. Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ya klaringi, wanaoshughulikia kutoa mizigo bandarini. Nikapewa daftari jipya nikaambiwa, "Haya, hii si ndiyo kazi yako? Andika."

Ami alihesabiwa kuwa mtu mwenye nacho. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, tuktuk mbili, duka Kongowea, na hakuwa mzito wa kutoa. Nilipopiga mstari wa mwisho nilijumlisha tena mara tatu nikidhani nimeruka kitu. Nitakuonyesha ukurasa ule, kisha nitakuonyesha wangu, ambao niliuficha mwaka mzima kwa aibu.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Andika mali zote ulizo nazo, andika madeni yote unayodaiwa, toa. Kinachosalia ndicho chako. Wahasibu hukiita thamani halisi. Mimi nakiita baki, maana ndivyo mwalimu wetu alivyotufundisha kuandika chini ya mstari. Hata zile orodha za mabilionea zinazotoka kila mwaka hupigwa hivi hivi. Aliko Dangote hana zile pesa ndani ya droo, ana hisa za kiwanda cha saruji, na hisa zikishuka bei kule Lagos jina lake huteremka kwenye orodha hata kama haukupotea mfuko mmoja. Kutoa si kazi. Kazi ni kuandika kila kitu kwa bei ya kweli, na hapo ndipo watu wengi, mimi wa kwanza, hujidanganya.

Kwanza: tenga kinachopita na kinachokaa

Shemeji yangu ana tuktuk ya Likoni. Kila jioni dereva humletea hesabu ya shilingi 1,200 za Kenya, na shemeji akiulizwa hali yake hujibu kwa hiyo hesabu: "Mimi naingiza 1,200 kwa siku." Sawa, lakini hayo ni mapato. Ni maji yanayopita kwenye mfereji. Tunataka kujua pipa lina maji kiasi gani.

Tukakaa chini siku moja, mimi, yeye na dada yangu. Tuktuk aliinunua kwa 480,000, nyingi zikiwa za mkopo. Miezi kumi na minane baadaye nilimwambia ampigie simu mtu anayenunua tuktuk zilizotumika, asimwambie nani anauza, aulize bei tu. Akaambiwa 260,000, na hiyo ni kama injini haivuti moshi. Mkopo uliobaki ulikuwa 230,000, na logibuku, yaani kitabu cha umiliki, bado iko kwa aliyemkopesha. Baki: 30,000.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo nimefanya kazi bure?" Hapana. Ile hesabu ya kila siku ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, ada na samaki. Ila kama angeniambia ana mali ya 480,000, angekuwa anasema bei ya siku ya kwanza, siku tuktuk ingali na plastiki kwenye kiti.

Wifi yangu ni mwalimu. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 iliwataka wajaze fomu kila baada ya miaka miwili: mapato, mali na madeni, yao wenyewe, ya mume au mke, na ya watoto walio chini ya miaka 18. Aliijaza miaka nenda miaka rudi, safu tatu zote, akaipeleka. Nilipomuuliza baki yake ilikuwa ngapi akacheka. Hakuwahi kutoa safu moja kutoka nyingine. Lakini ule mpangilio wa fomu, mapato kivyake, mali kivyake, madeni kivyake, ni mzuri sana, uige.

Pili: karatasi, tarehe, na bei ya wiki hii

Chukua daftari, usitumie karatasi ya kupotea. Juu andika tarehe, kwa sababu baki ni ya siku moja tu, kama picha. Mimi hupiga yangu Jumamosi ya mwisho ya Desemba, ofisi ikishafunga hesabu zake na akili yangu bado iko kwenye tarakimu.

Kila mali unayoandika, jiulize: wiki hii, kuna mtu atanipa shilingi ngapi mkononi? Usiandike uliyonunulia, wala ambayo jirani anasema ati ingefika. Makochi, friji, televisheni, kabati la vyombo: mimi huandika sifuri. Kuna wanaosema uandike kidogo kidogo, na hawakosei, lakini nimeona watu wakijaza nusu ukurasa kwa sufuria na mapazia mpaka wakajiona matajiri. Sijawahi kuona mtu akilipa deni kwa pazia.

Pesa za benki na za simu ni rahisi, angalia salio uandike. Za sacco zitazame vizuri: akiba na hisa si kitu kimoja. Akiba utarudishiwa ukijitoa. Hisa hutoi, unaweza tu kumhamishia mwanachama mwingine. Zote ni zako, ila usizichanganye ukadhani utazipata zote kwa siku ile ile.

Kisha mchezo, yaani kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu. Hapa wanawake wa Mombasa tuna hesabu ambayo vitabu vingi havina. Tuseme mko kumi na wawili, kila mtu 5,000 kwa mwezi, anayepokea anapata 60,000. Ikiwa umelipa miezi tisa na zamu yako haijafika, una mali ya 45,000 mikononi mwa wenzako. Lakini ikiwa ulipokea mwezi wa tatu, ukashona madera na kulipa ada, basi wewe una deni la miezi tisa iliyobaki: 45,000 upande wa pili wa ukurasa. Mchezo ule ule. Mmoja anaandika kushoto, mwingine kulia. Nimemuona mtu aliyepokea wa kwanza akijiita mwenye akiba.

Pesa za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, naziandika chini kabisa ya ukurasa, nje ya hesabu. Mhasibu mkali atanikosoa, na kanuni iko upande wake, maana michango ile ni mali yangu. Lakini miaka mingi ilikuwa 200 zangu na 200 za mwajiri kwa mwezi, na siwezi kuzigusa mpaka nistaafu. Nimeamua baki yangu iwe ya vitu ninavyoweza kuvifikia. Ukiamua kuziingiza, ziingize kila mwaka, usizitoe mwaka ambao hesabu imependeza na kuzirudisha mwaka ambao imeharibika.

Nyumba, na ardhi iliyo chini yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba ndiyo inayobeba hesabu za watu wengi wa hapa, na nyumba za Mombasa zina mambo yake.

Ami alikuwa akisema nyumba yake ni milioni sita. Kuta ni zake, mabati ni yake, milango yake ya mbao ni yake. Kiwanja si chake. Ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi Majengo na mitaa mingine ya zamani: unamiliki jengo, mwenye ardhi ni mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mtu wa bara akisikia hudhani ni mzaha. Ni mambo ya ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, uliowekwa chini ya Waingereza mwaka 1895, na ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyowataka wenye madai ya ardhi waende wayathibitishe. Waliojua mambo ya ofisi wakaandikishwa. Wengi ambao hawakwenda, ardhi waliyokuwa wakiikalia ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wajukuu ndio sisi, tunaojenga juu ya ardhi ya mtu.

Kwa hivyo bei ya nyumba kama ile ni bei ya kuta na ya haki ya kuendelea kukaa. Mwanawe alitafuta wanunuzi wawili, wa kuuliza tu. Mmoja alisema 1,900,000, mwingine 2,200,000. Ile milioni sita ilikuwa bei ya nyumba ya jirani yake, ambayo ina hati.

Ukiwa na nyumba ya namna hii, andika bei ya mnunuzi anayejua kuwa ardhi si yako. Ukiwa na ardhi yenye hati, nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi uone jina la nani liko pale na kama kuna benki imeweka mkono, kisha uliza bei kwa watu wawili watatu na uandike ile ya chini. Mimi mwenyewe nina ploti ya upande wa Mtwapa niliyolipia 350,000 kidogo kidogo, na kikundi. Nina makubaliano yenye saini na risiti kumi na nne. Hati sina. Kila Desemba naiandika kwa penseli: sifuri. Mume wangu husema najinyima. Siku hati itakapotoka nitaandika kwa kalamu, tena kwa furaha.

Jambo moja zaidi la nyumba. Ikiwa ni ile unayolala, piga baki mara mbili, moja pamoja na nyumba na moja bila. Nyumba unayolala ni mali, hakuna ubishi, lakini ukiiuza utalala wapi? Ya pili ndiyo inayokwambia una nguvu gani likitokea jambo.

Dhahabu mbele ya sonara

Nilikuwa na bangili nne na mkufu, vya karati 22, na risiti zake nimezifunga ndani ya leso. Risiti zilisema kama 200,000. Desemba 2016 nikaenda kwa sonara mmoja Mji wa Kale, nikamwambia siuzi, nataka bei. Hakukasirika, alisema wengi huja hivyo kabla ya Ramadhani.

Alichukua bangili moja akaisugua juu ya jiwe jeusi mpaka likabaki na mstari wa njano. Pembeni akasugua sindano yake ya dhahabu anayoijua karati yake. Akadondosha tone la tindikali juu ya mistari yote miwili, tukaitazama pamoja. Yangu haikufifia. "Ni yenyewe," akasema. Kisha mkufu akautoa vijiwe vyekundu kwa koleo ndogo, akaviweka kwenye kisahani, na ndipo akapima. Risiti zilisema gramu 38. Mizani ikasema 34. Vijiwe nilivyovipenda kuliko dhahabu yenyewe vilikuwa gramu nne za glasi.

Akanipa 3,400 kwa gramu. 115,600. Nikamuuliza zile nyingine zimekwenda wapi. "Ujira," akasema. Unaponunua unalipa dhahabu na kazi ya fundi. Unapouza, kazi ya fundi hakuna anayeinunua, itayeyushwa. Nilirudi nyumbani nikaandika 115,600.

Wenye kutoa zaka watasema hesabu hii wanaijua. Ndiyo na hapana. Nisabu ya dhahabu, yaani kiasi kinachoanza kutolewa zaka, ni gramu 85, zikitimiza mwaka wa Hijria, unatoa asilimia 2.5, nyumba unayoishi haihesabiwi, na kwa madhehebu ya Shafi wengi wetu tunayoyafuata, mapambo anayovaa mwanamke kwa kadiri ya kawaida hayana zaka. Baki inahesabu vyote. Tumia kurasa mbili tofauti, na ya zaka muulize sheikh wako, si karani wa klaringi.

Na mume na mke msichanganye. Kwetu mali ya mke ni ya mke. Mimi nina ukurasa wangu, mume wangu ana wake, na vitu tulivyonunua pamoja tumeviandika nusu kwa nusu ili visihesabiwe mara mbili.

Madeni: yale ambayo hayana karatasi

Mikopo ya benki na sacco utaikumbuka, kwa sababu inakukumbusha yenyewe. Andika kilichobaki, siyo malipo ya mwezi. Mtu hukwambia "deni langu ni 9,000" akimaanisha 9,000 kwa miezi thelathini. Za simu nazo ziandike, hata kama ni za leo kesho. Ukihisi umesahau kitu, ripoti ya CRB, wanaoweka rekodi za wakopaji, unaweza kuipata bure mara moja kwa mwaka. Rafiki yangu alikuta humo mkopo wa simu wa 700 aliousahau tangu laini yake ya zamani.

Yanayojificha ni haya: mali kauli uliyoichukua dukani ukaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Kodi ya kiwanja iliyolala. Ada ya shule. Amana za wapangaji, ambazo wenye nyumba wengi huzila siku ile ile wakasahau kuwa mpangaji akihama atazitaka. Mshahara wa msichana wa kazi uliosema utampa "nikipata." Na mahari ambayo hukuimaliza. Kwa Waislamu hilo ni deni kama deni lingine, hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Wanaume wakisikia hapo huanza kukohoa.

Dhamana iandike pembeni. Ukimdhamini mwenzako kwenye sacco, hujakopa, lakini akishindwa akiba yako ndiyo itakayokatwa. Mwaka 2020 mwenzangu mmoja aliachishwa kazi, akashindwa kulipa, na 28,000 zangu zikaenda. Sikuwa nimeziandika popote.

Na pesa wanazokudai wengine ni deni. Pesa unazowadai wengine ni mali, kwa masharti. Pitia jina moja moja. Anayelipa, andika yote. Anayekwepa njia akikuona, andika nusu. Aliyehamia Saudia na kubadilisha namba, sifuri.

Ukurasa wa Ami

Nyumba, kuta bila ardhi: 2,200,000.
Tuktuk mbili, moja 180,000 na moja mbovu 95,000: 275,000.
Bidhaa za duka, kwa bei ya jumla, ukitoa zilizoharibika: 260,000.
Akiba ya sacco: 320,000.
Benki na simu: 41,300.
Aliowadai, daftari lilisema 140,000, tukaandika: 60,000.
Jumla ya mali: 3,156,300.

Mkopo wa sacco: 410,000.
Mkopo wa tuktuk: 150,000.
Muuzaji wa jumla wa sukari na unga: 285,000.
Watu saba wa barazani: 96,000.
Ada ya shule: 52,000.
Mahari ya mke wa pili iliyobaki: 50,000.
Kodi ya kiwanja, miezi ishirini na sita: 39,000.
Mikopo ya simu: 18,700.
Amana za wapangaji wawili: 16,000.
Jumla ya madeni: 1,116,700.

Baki: 2,039,600. Ukiondoa nyumba ambayo mjane amo ndani, Ami alikuwa chini ya sifuri kwa 160,400.

Mkopo wa sacco baadaye ulilipwa na bima, kama ilivyo katika sacco nyingi mwanachama akifariki. Lakini siku aliyokuwa hai akinunulia watu kahawa Mwembe Tayari, alikuwa akidaiwa, na hakujua. Hilo ndilo lililoniuma. Hakuwa mtu wa ufujaji. Alijua hesabu ya duka kwa kichwa, alijua kila tuktuk imeingiza nini. Hakuwahi kuviweka vyote kwenye ukurasa mmoja.

Ukurasa wangu

Desemba 2016, miaka kumi na tisa kazini. Dhahabu 115,600. Mchezo ambao zamu yangu haijafika, 45,000. Sacco 210,000. Benki 12,400. Simu 3,150. Jumla 386,150. Upande wa pili: mkopo wa sacco 340,000, ada 31,000, shoga yangu 20,000, mali kauli ya leso Mtaa wa Biashara 8,600, mkopo wa simu 4,000. Jumla 403,600.

Baki: hasi 17,450.

Nilikuwa mtu ambaye jamaa wakikwama wanampigia simu yeye. Nikafunga daftari nikaliweka chini ya godoro, sikumwambia hata mume wangu.

Ukipata hasi usidhani umekosea kalamu. Kijana aliyemaliza chuo kwa mkopo ataipata, aliyenunua gari juzi ataipata. Kilichonisaidia ni kutazama mistari, si jumla. Nikaona deni la sacco lilikuwa la paa na ada, yote yamekwisha kutumika, hakuna hata bati moja ninaloweza kuliandika upande wa kushoto, kwa kuwa nyumba ni ya mama mkwe. Nikaacha kukopa juu ya mkopo kila unapofika nusu, desturi ambayo ofisi nzima tulikuwa nayo. Hilo tu. Mengine yalibaki vile vile.

Mwaka wa pili ndio unaoeleza

Baki moja haisemi mengi. Ya pili, ukiiweka pembeni ya kwanza, inaanza kuzungumza. Zangu: 2017, 41,200. 2019, 236,000. Mwaka 2020 ikarudi nyuma hadi 189,500. Kazi za klaringi zilikuwa zimeshapungua tangu makontena mengi yaanze kupanda reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi, kisha corona ikaingia, mshahara ukakatwa, na ile dhamana ikalia. 2024, 744,300.

Usikimbilie kujipongeza. Dhahabu yangu ile ile ya gramu 34, sijaongeza hata kipini, sonara aliipima 2024 kwa 9,200 kwa gramu: 312,800. Yaani 197,200 za ongezeko langu zililetwa na bei. Dhahabu huuzwa duniani kwa dola. Bei yenyewe ilipanda, na shilingi nayo ilikuwa imeyumba, mwanzoni mwa 2024 dola ikapita 160 kabla ya kurudi karibu 129. Kwa hivyo kila mwaka naandika mistari miwili chini ya baki: kiasi nilichoongeza kwa kuweka au kulipa deni, na kiasi kilichokuja chenyewe kwa bei. Ule wa kwanza ndio ninaoweza kuufanyia kitu Januari. Wa pili unaweza kuondoka ulivyokuja.

Na bei nazo hazikai. Baki ya 744,300 mwaka 2024 hainunui ambayo ingenunua 2016. Nikilinganisha hujiuliza ingelipa miezi mingapi ya matumizi ya nyumba yangu. Jibu hilo lina ukweli zaidi kuliko tarakimu zenyewe.

Daftari lisiachwe mezani. Sizungumzii hasidi tu, ingawa hasidi wapo. Ni kwamba mtu akiona mali haoni madeni, akiona madeni haoni mali, na yote mawili huzaa maneno. Ila mtu mmoja ajue liko wapi. Mimi nimemwambia binti yangu mkubwa.

La Ami ninalo mimi bado. Watu saba walilipwa, muuzaji wa jumla alilipwa kwa bidhaa na tuktuk moja, mjane wake akapewa mahari yake mkononi mbele ya wanawe. Umebaki mstari mmoja, kwa mwandiko wa Ami mwenyewe, tuliouona ndani ya daftari lake la duka: "Fundi wa pampu, 1,200." Hakuja barazani. Tuliuliza Kongowea, tukauliza Majengo, kila fundi wa pampu akasema si yeye. Nimeuhamishia kwenye ukurasa wangu, upande wa kulia, na kila Desemba nauandika tena.